Mbele ya Kisu: Sanaa za Kujihami Zatufundisha Nini?

Siku hizi si ajabu kumwona mtoto wa jirani akipita jioni na nguo zake nyeupe za karate, mkanda umefungwa kiunoni, anakwenda mazoezini. Wapo pia akina mama wanaojiandikisha wao wenyewe. Na mtoto anaporudi nyumbani, jambo analopenda kuonyesha kuliko yote ni namna ya kumnyang'anya mtu kisu. Mdogo wake hupewa mwiko ashike, huambiwa achome, na kufumba na kufumbua yuko chini kwenye mkeka. Baba hupiga makofi. Mama hucheka, lakini moyoni hujiuliza: je, ingekuwaje kama ule mwiko ungekuwa kisu cha kweli?

Swali hilo ni la haki. Sisi wauguzi hukutana na kisu mwishoni mwa safari yake, pale majeruhi anapoletwa usiku akiwa amebebwa na jamaa zake. Kwa hiyo tumeona yafaa tuzitazame pamoja na akina mama wenzetu sanaa hizi zinazofundishwa duniani: zinatofautiana wapi, zinakubaliana wapi, na nini hasa kinachomfaa mama na watoto wake.

JERAHA DOGO, HATARI KUBWA

Kwanza tuelewe kisu chenyewe. Jeraha la kukatwa huwa refu, hutoka damu nyingi na kutisha watu. Jeraha la kuchomwa huwa dogo nje, pengine sawa na tundu la kifungo, na watu husema, "Ah, si kitu." Kumbe ndilo la kuogopwa zaidi. Ngozi ndiyo ngumu kupenya. Kisu chembamba kikishaipita, hakihitaji tena nguvu kubwa kufika ndani. Ndiyo maana kisu cha kumenyea viazi, mkononi mwa mtu asiye na nguvu nyingi, kinaweza kufika kwenye pafu, ini au moyo.

Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5 hivi. Akipoteza theluthi moja, maisha yake yamo hatarini. Mtoto ana damu kidogo zaidi kwa sababu mwili wake ni mdogo. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu aweza kufa kwa dakika chache. Na wengi hawajui kwamba wamechomwa: hudhani wamepigwa ngumi, huendelea kusimama na kubishana, halafu huanguka ghafla.

Majeraha mengine tunayoyaona huwa kwenye viganja na mikono, kwa sababu mtu hujikinga kwa mikono au hushika makali yenyewe. Kano za vidole zikikatika huhitaji upasuaji na mazoezi ya miezi, na wapo ambao vidole havikunji tena sawasawa. Kwa hiyo kila mbinu tutakayoitaja tuipime kwa swali moja: ikikosea mara moja tu, itakuwaje?

JAPANI: MAFUNZO YENYE UTARATIBU

Judo ilianzishwa na Jigoro Kano, aliyefungua shule yake ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882. Watu wengi huijua kama mchezo wa kubwagana, lakini ndani yake kuna mafunzo ya kujikinga na silaha. Mfululizo mmoja wa zamani uitwao Kime-no-kata una mbinu 20, na 8 kati ya hizo hufanywa watu wakiwa wamepiga magoti, kwa maana zilitungwa kwa ajili ya nyumba za Kijapani ambamo watu hukaa chini. Mwaka 1956 Kodokan ilitoa mfululizo mpya wa mbinu 21 za kujihami, zikiwamo 3 za kisu.

Aikido nayo ilianzishwa na Morihei Ueshiba, aliyeishi tangu 1883 hadi 1969. Humo mwanafunzi hufundishwa asishindane nguvu na mshambuliaji. Hutoka kwenye njia ya kisu, hugeuka, hushika kifundo cha mkono na kukizungusha, na mshambuliaji hulala chini huku kisu kikichukuliwa. Kisu cha mazoezi ni cha mti.

Ni mafunzo mazuri. Yanamjenga mtoto kuwa na adabu, macho mepesi na miguu isiyojikwaa. Lakini tuangalie vizuri: mwenzake hushambulia mara moja, kwa namna inayojulikana, kisha huuacha mkono pale ili ushikwe. Mtu mwenye hasira hafanyi hivyo. Huchoma na kuvuta, huchoma na kuvuta, mara nyingi kwa haraka, huku mkono wa pili ukisukuma au ukivuta nguo. Walimu wakweli wa Kijapani huwaambia wanafunzi wao wazi kwamba mfululizo huu ni shule ya mwili, si picha ya ugomvi wa mtaani.

UFILIPINO: WATU WALIOISHI NA MAKALI

Katika visiwa vya Ufilipino mambo ni tofauti. Huko sanaa yao, iitwayo arnis, eskrima au kali, huanza na silaha. Mwanafunzi hupewa fimbo ya henzirani siku ya kwanza, na mikono mitupu hufuata baadaye. Watu wa huko hukumbuka kwamba mwaka 1521, katika kisiwa cha Mactan, ndipo mpelelezi wa bahari Magellan alipouawa na wapiganaji wa Lapulapu. Mwaka 2009 arnis ilitangazwa kwa sheria kuwa sanaa ya mapigano na mchezo wa taifa.

Wafilipino hawahesabu aina za visu bali njia ambazo pigo hupitia: kutoka juu kulia, juu kushoto, tumboni na kadhalika. Shule nyingi huhesabu njia 12. Anayezijua njia hizo huweza kuzitambua, iwe mkononi kuna kisu, panga au kipande cha ubao. Kisha huwa na msemo kwamba nyoka akishang'olewa meno hana hatari. Yaani hawaukimbilii mwili wa adui bali hupiga ule mkono ulioshika silaha.

Hapa tunajifunza jambo la maana. Watu hawa waliozoea makali vizazi kwa vizazi ndio wasioahidi kutoka salama. Mwalimu wa arnis humwambia mwanafunzi ategemee kukatwa, na humfundisha ageuze upande wa nje wa mkono uelekee kisu, kwa kuwa upande wa ndani ndiko iliko mishipa mikubwa na kano. Muuguzi yeyote atakubaliana naye.

Majirani zao wa Indonesia na Malaysia wana silat, ambayo mwaka 2019 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa binadamu. Nayo ina visu vyake, kikiwamo kerambit kilichopinda kama ukucha. Lakini mafunzo mengi ya silat huhusu mtu mwenye kisu chake dhidi ya mwingine mwenye kisu. Mama anayetoka sokoni na kikapu hana hoja na mambo hayo.

MAFUNZO YA ASKARI

Kundi la tatu halikuzaliwa katika kumbi za mazoezi bali katika vita na vurugu za mitaani. Mwingereza William Fairbairn alikuwa polisi mjini Shanghai. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifundisha makomandoo, na pamoja na mwenzake Eric Sykes wakabuni kisu cha makomandoo kilichoanza kutengenezwa mwaka 1941. Mtu huyohuyo, mwaka 1942, aliandika kitabu cha kuwafundisha wanawake na wasichana kujihami, na humo hakuwapa visu. Aliwafundisha kujinasua wanaposhikwa na kutumia vitu walivyo navyo. Katika mafunzo yake ya askari alionyesha pia jinsi kiti cha kawaida kinavyoweza kumweka mbali mwenye kisu, miguu ya kiti ikimwelekea, kama afanyavyo mfuga simba katika sarakasi.

Krav Maga ilitokana na Imi Lichtenfeld, Myahudi aliyekulia Bratislava, ambako katika miaka ya 1930 yeye na vijana wenzake walilinda mitaa yao dhidi ya makundi ya wafashisti. Baadaye aliwafundisha askari wa Israeli, na alifariki mwaka 1998. Humo hakuna sherehe. Kama mshambuliaji bado yuko mbali, mpige teke au mtupie kitu, ukimbie. Kama amekwisha kufika, zuia mkono wake na kumpiga kwa wakati mmoja, ushike mkono ule usiurudie, kisha ondoka. Mazoezi hufanywa mtu akiwa amechoka, anapigiwa kelele au anasukumwa, ili azoee woga.

Ubaya wake ni kwamba askari hujizoeza karibu kila siku naye ni kijana mwenye nguvu. Mtu aliyehudhuria darasa la mwisho wa juma moja, halafu akarudi nyumbani akijiona askari, amenunua ujasiri ambao haujalipiwa.

UMBALI NDIO NGAO

Mwaka 1983 huko Marekani, Dennis Tueller, mwalimu wa polisi wa Salt Lake City, aliandika juu ya jaribio rahisi. Aliona kwamba mtu aweza kukimbia futi 21, yaani kama meta 6 na nusu, kwa sekunde moja na nusu hivi. Muda huohuo ndio polisi aliyefunzwa huutumia kuchomoa bastola na kufyatua. Hebu fikirini, akina mama: polisi mwenye bastola, upande wa pili wa chumba kikubwa, bado yuko hatarini mbele ya mtu mwenye kisu. Itakuwaje kwa mama mwenye kanga na mtoto mgongoni?

Sasa tunaona pale sanaa hizi zote zinapokutana. Mjapani hutoka kwenye njia ya kisu. Mfilipino hukaa nje ya ncha yake. Askari hupiga teke akakimbia. Kila mmoja, kwa lugha yake, anasema kwamba umbali ndio ngao ya kwanza, kizuizi kati yenu ni ngao ya pili, na mikono ni ya mwisho kabisa, pale tu njia zote zimefungwa.

Kwa hiyo anayetaka pochi, mpe pochi. Afadhali uitupe chini pembeni, wewe ukimbilie upande wa pili. Simu hununuliwa. Kama kuna meza, gari, mlango au kiti, kiwe kati yenu. Piga kelele. Ukishikwa bila njia ya kutoka, zuia mkono wenye kisu kwa mikono yako yote miwili, usiuachie, uendelee kuita watu. Na sheria nayo inamruhusu mtu kujihami kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo, wala haimruhusu kumfuata na kumpiga aliyekwisha kukimbia.

MASWALI KABLA YA KULIPA ADA

Mama anayempeleka mtoto mazoezini, au anayekwenda mwenyewe, amwulize mwalimu maswali machache. Je, unafundisha kukimbia, au kupigana tu? Je, anayeshambulia huruhusiwa kuchoma mara nyingi na bila kutangaza? Je, mmewahi kujaribu kwa fulana nyeupe na kalamu ya wino mzito badala ya kisu? Jaribio hili la mwisho ni rahisi na lina ukweli mwingi. Baada ya nusu dakika, hesabuni mistari ya wino iliyobaki kwenye fulana ya anayejikinga. Mwalimu mwema hataogopa jaribio hilo, bali atalitumia kuwafundisha vijana unyenyekevu. Anayeahidi kwamba mbinu yake haishindwi, mwageni kwa heshima.

KISU KILICHOMO NYUMBANI

Twaweza kusema wazi jambo ambalo kumbi nyingi za mazoezi hazilisemi. Karibu mbinu zote tulizozitaja humfikiria mtu mgeni, gizani, njiani. Lakini kwa wanawake wengi, anayenyanyua kisu ni mtu wanayemjua, na kisu chenyewe ni kile cha jikoni walichokinunua wao.

Kwa hiyo ugomvi unapopanda nyumbani, usikimbilie jikoni, wala chumba chenye mlango mmoja. Sogea kuelekea mlango wa nje. Watoto wafundishwe mapema kwamba wakisikia neno fulani mlilokubaliana, waende kwa jirani bila kuuliza. Funguo, kadi za kliniki na nauli kidogo viwekwe mahali pamoja, au kwa mama mwenzio unayemwamini. Na aliyekwisha kutishiwa kwa kisu mara moja asingoje mara ya pili ndipo aseme. Hiyo si siri ya ndoa. Ni hatari ya kifo.

Mjini Nairobi, katika mitaa ya mabanda, wasichana wa shule walipewa masomo sita ya kujihami ya saa mbili mbili. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2013 ilieleza kwamba zaidi ya nusu yao, katika mwaka uliofuata, walisema wametumia waliyojifunza kuepa kushambuliwa. Walifundishwa kutambua hatari mapema, kusema "hapana" kwa sauti kavu, kupiga kelele, kukimbia. Kupiga kwa mkono kulikuja mwisho. Si dawa ya kila kitu, lakini mpangilio wake ni wa busara, nasi twauona unafanana na yale yote tuliyoyakuta Japani, Ufilipino na kwa askari.

KISU KWENYE MKOBA WA SHULE

Liko jambo jingine la kumtia mama hofu: kukuta kisu katika mkoba wa mwanawe. Mara nyingi mtoto huyo si mhuni. Anaogopa. Atasema, "Mama, ni cha kujilinda tu." Lakini kisu hakilindi, hakina sehemu ya kukinga, kina sehemu ya kuchoma tu. Kinampa kijana moyo wa kubaki mahali ambapo angepaswa kukimbia, na mara nyingine hunyang'anywa na kumrudia mwenyewe.

Huko Scotland, mji wa Glasgow ulisumbuliwa sana na vijana wa visu. Mwaka 2005 polisi walianzisha kitengo kilichoanza kuutazama ukatili kama ugonjwa: unaambukiza, una chanzo, na unaweza kuzuiwa. Mwaka 2008 madaktari wa upasuaji wakaanzisha chama cha kwenda mashuleni kuwaeleza vijana majeraha hayo yalivyo. Hawakuwafundisha kupigana na kisu, bali kukiacha nyumbani.

Mama ukikikuta, usianze kwa fimbo. Keti naye, umwulize, "Mwanangu, unamwogopa nani?" Jibu lake ndilo la kushughulikia, pamoja na baba yake na mwalimu wake.

MPAKA GARI LIFIKE

Mbinu ya kumnyang'anya mtu kisu yahitaji miaka ya mazoezi. Kuzuia damu kwahitaji jioni moja tu, na kila mama aweza. Shikeni haya:

1. Hakikisha kwanza aliyechoma ameondoka. Usiwe majeruhi wa pili.

2. Kisu kikiwa bado kimo mwilini, usikichomoe. Kinaziba mshipa. Kizungushie vitambaa ili kisitikisike.

3. Kama hakimo, weka kanga safi iliyokunjwa juu ya jeraha ukandamize kwa nguvu, kwa viganja viwili, uzito wa mwili ukiwa juu ya mikono. Usifunue kila mara kutazama. Ikilowa, ongeza kitambaa, uendelee. Tumia glavu au mfuko wa plastiki mkononi ukiupata.

4. Jeraha refu la kinena, kwapa au shingo lijazwe kitambaa safi ndani, kisha likandamizwe. La shingoni lisifungiwe kamba kuzunguka. Jeraha la kifua au tumbo lisijazwe kitu.

5. Damu ya mkono au mguu ikiendelea kuruka licha ya kukandamiza, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni, si kwenye kiungo. Pitisha kijiti, uzungushe mpaka damu ikome. Andika saa uliyofunga, wala usilegeze mpaka hospitali.

6. Jeraha la kifua usilizibe kabisa kwa nailoni. Hewa yaweza kunaswa ndani na kulibana pafu. Mwache akae mkao anaopumua vizuri.

7. Utumbo ukitoka nje, usiurudishe. Ufunike kwa kitambaa safi chenye maji safi.

8. Mlaze, umfunike asipate baridi. Usimpe maji wala chai, kwa maana huenda akahitaji upasuaji.

9. Hata jeraha dogo la kuchomwa, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Kwa wasomaji wetu wa Tanzania, jamaa mmoja na aende polisi kufuata PF3 wakati wengine wanampeleka majeruhi. Atahitaji pia kuangaliwa chanjo ya pepopunda.

Jumuiya ya akina mama inayokutana kila juma yaweza kutenga jioni moja kwa somo hili. Leteni kanga mbili, kijiti na mto wa kulalia wa kujifunzia, mkamwombe muuguzi wa zahanati iliyo karibu awaongoze. Vijana wa karate waalikwe nao. Wataonyesha miguu yao ilivyo myepesi, nasi tutawaambia kwamba miguu hiyo, pamoja na kurusha mateke, ina kazi nyingine iliyo bora zaidi: kumrudisha mtoto nyumbani mzima.